Kazi ya mwisho katika fizika: kwa nini inafaa kuanza na swali dogo

Masomo yakikaribia kwisha, mambo ni yaleyale Bukavu, Goma, Butembo ao Uvira. Mwanafunzi wa fizika anakaa mbele ya karatasi nyeupe, miezi inapita, kazi ya mwisho wa masomo haijaanza. Wazazi walijinyima ili minervali ilipwe, sasa wanauliza siku ya kutetea kazi, naye hana hata ukurasa mmoja. Hapo njo wengine wanakimbilia mtu wa kuwaandikia kwa feza, ao wanakopya kazi ya mwaka uliopita na kubadilisha jina tu. Lakini mbele ya juri, swali moja linatosha kuwaangusha: hii namba uliipata namna gani?

Mara nyingi tatizo si akili ya mwanafunzi. Tatizo ni kwamba alianza bila mupango.

Kichwa kikubwa, kazi isiyokwisha

Wengi wanachagua kichwa kama "Umuhimu wa fizika katika maendeleo ya nchi yetu". Kinasikika vizuri, lakini hakuna mtu anaweza kukipima. Kazi ya fizika inahitaji swali ambalo jibu lake linapatikana kwa kupima kitu, kwa vyombo ambavyo mwanafunzi anaweza kupata kweli.

Mfano moja uko jikoni. Kitabu cha shule kinasema maji yanachemka kwa digrii 100. Ni kweli, lakini pembeni ya bahari. Kadiri mtu anapanda mulima, hewa inayolalia maji inapunguka uzito, na maji yanapata kuchemka mbele ya kufika 100. Kwa kila metre 300 hivi za kupanda, kiwango kinashuka karibu digrii moja. Ziwa Kivu liko karibu metre 1.460 juu ya bahari, kwa hiyo Goma na Bukavu maji yanachemka karibu digrii 95. Ziwa Tanganyika liko chini zaidi, karibu metre 770. Kule Uvira ni kama digrii 97 na nusu.

Basi swali la kazi linaweza kuwa hili: kati ya Bukavu na Uvira, kiwango cha kuchemka kwa maji kinatofautiana digrii ngapi? Ni swali fupi. Linatajika kwa pumzi moja, na linapimika.

Chombo mbele ya kichwa

Mbele ya kupeleka kichwa kwa mwalimu anayeongoza kazi, mwanafunzi ajiulize kama chombo kitaweza kuona kile anatafuta. Hapa tofauti inayongojewa ni kama digrii mbili na kidogo. Termometri inayosomeka digrii tano kwa tano haitaona kitu. Inayosomeka digrii moja kwa moja, ukikadiria nusu, inaweza kusaidia kama vipimo vinarudiliwa. Termometri ya homa ya hospitali haifai hata kidogo: inaishia karibu digrii 42, ukiitia katika maji ya moto itapasuka.

Jambo lingine: termometri ileile itumike pande zote mbili. Kama inadanganya kwa digrii moja, itadanganya sawasawa Bukavu na Uvira, na kosa hilo litajifuta wakati wa kutoa namba moja kwa ingine. Kama njia ni mbaya na safari haiwezekani, mwenzake aliye Uvira anaweza kupima na termometri yake, lakini zile mbili zilinganishwe kwanza katika maji mamoja. Na kama hata hiyo imeshindikana, kuwe mupango wa pili: kupima Bukavu peke yake na kulinganisha na hesabu ya vitabu. Katika mikoa yetu, kazi isiyo na mupango wa pili inaweza kukwamishwa na mvua, njia ao usalama.

Daftari njo ushahidi

Siku ya kupima, kila kitu kinaandikwa palepale kwa kalamu: tarehe, saa, mahali, maji yalitoka wapi, termometri gani. Maji ya mvua yaliyochujwa ni mazuri kuliko maji yenye chumvi, juu chumvi inapandisha kidogo kiwango cha kuchemka. Ncha ya termometri isiguse chini ya sufuria, maana pale chuma ni moto kuliko maji.

Kipimo kimoja hakitoshi. Tuseme mwanafunzi alipima mara tano Bukavu na kupata 95,0, 94,5, 95,5, 95,0 na 94,5. Akijumlisha anapata 474,5, akigawanya kwa tano anapata 94,9. Namba hizo zinatawanyika kati ya 94,5 na 95,5. Kwa hiyo ataandika digrii 94,9, zaidi ao pungufu 0,5. Hiyo "zaidi ao pungufu" si haya. Ni kuonyesha kwamba anajua chombo chake kinafika wapi.

Hapa kuna mutego mukubwa. Mwanafunzi anayeona 95 wakati kitabu kinasema 100 anaogopa, anafuta, anaandika 100 ili afanane na kitabu. Amefuta ukweli na kuandika uongo. Namba isiyofanana na kitabu haifutwi, inaelezwa. Kama kosa lilitokea, kwa mfano termometri iligusa sufuria, liandikwe katika daftari na kipimo kirudiliwe.

Kuandika: si lazima kuanza na mwanzo

Juri inangojea mambo ambayo kila mwanafunzi anajua: swali ao problematiki, ipotezi, shabaha, mipaka ya kazi, njia ya kupima, matokeo, mazungumzo juu ya matokeo, na mwisho. Hata kama mfumo wa LMD umebadilisha majina ya diplome na miaka, mifupa hiyo inabakia.

Lakini kuandika kunaweza kufuata njia ingine. Sehemu ya vyombo na njia ya kupima njo rahisi zaidi, inaandikwa wiki ileile ya kupima, wakati kichwa bado kinakumbuka. Kisha matokeo: meza ya namba na mchoro. Kisha mazungumzo: namba zinasema nini, zinafanana na ipotezi ao hapana, kosa linaweza kutoka wapi. Utangulizi unaandikwa karibu na mwisho, maana mtu hawezi kumukaribisha mugeni katika nyumba ambayo haijajengwa.

Kwa muda wa miezi minne, mugawanyo kama huu unaweza kufaa: mwezi wa kwanza kusoma na kukubaliana na mwalimu juu ya swali, wa pili kupima, wa tatu kuandika, wa nne kusahihisha, kuchapisha na kujitayarisha kutetea. Anayetia kuchapisha katika siku ya mwisho anamutegemea umeme, na kila mkaaji anajua namna umeme unakatika.

Kuhusu vitabu na intaneti: kusoma kazi ya mwingine haiko kosa, kosa ni kuficha jina la mwenyewe. Wazo likitoka kwa mwingine, atajwe. Maneno yakichukuliwa kama yalivyo, yatiwe katika alama za kunukuu.

Kazi yenye inarudi nyumbani

Kazi kama hii haibakie katika kabati ya chuo. Mama anayepika maharagi Butembo, juu kuliko Bukavu, atajua kwa nini yanakawia kuiva na kumaliza makala: maji yake yanachemka bila moto mwingi. Atajua pia kwamba maji yakisha chemka, kuongeza makala hakuongezi digrii. Ni kufunika sufuria na kupunguza moto. Na asiogope kwa maji ya kunywa: vijidudu vya kolera vinakufa hata chini ya digrii 95, kwa hiyo kuchemsha maji bado kunalinda jamaa.

Mwanafunzi aliyepima mwenyewe anaweza kuyaeleza haya yote bila kuangalia karatasi. Juri ikimuuliza namba ilitoka wapi, anafungua daftari lake na kuonyesha siku, saa na sufuria.