Kiboko, Kobe na Malezi ya Watoto Wetu

  

Ijumaa ya leo tumekusudia kulizungumzia jambo ambalo huenda baadhi yenu mkaliona dogo. Nalo ni vile vitabu vya picha wanavyosomewa watoto, hususan vinavyosimulia urafiki wa wanyama ambao kwa kawaida hawapatani. Wako wazazi wanaouliza iwapo inafaa kuviingiza nyumbani. Wako wasiouliza, wao huvitupa. Na wako wanaovinunua kwa wingi na kumkabidhi mtoto bila ya kufungua hata ukurasa mmoja kuona kilichomo. Hawa wa mwisho ndio wanaotutia wasiwasi zaidi.

Kwa kuwa mfano bora ni ule ulio karibu, tuchukue kisa kilichotokea katika pwani yetu hii ya Afrika ya Mashariki. Mwezi wa Desemba 2004, ndama wa kiboko, mwenye umri wa mwaka mmoja hivi, alijikuta peke yake baharini karibu na Malindi. Kundi lake lilikuwa limeteremka na maji ya mto Sabaki hadi kwenye mlango wa mto. Tarehe 26 ya mwezi huo ikaja tsunami, ile iliyoua watu zaidi ya 200,000 katika nchi zinazoizunguka Bahari ya Hindi na kuacha mayatima wasiohesabika huko Aceh na kwingineko. Siku ya pili yake wavuvi, wanakijiji, askari wa wanyamapori na wageni walishirikiana kumwokoa ndama yule kwa nyavu na kamba. Wakampa jina la Owen, ambalo ni jina la mmoja wa wageni waliomkamata.

Alipelekwa Haller Park, Bamburi, Mombasa. Mahali hapo penyewe pana ibra yake, kwani palikuwa machimbo ya kiwanda cha saruji, mawe makavu yasiyoota hata jani, mpaka René Haller alipoanza mwaka 1971 kupanda mivinje na kuwaleta majongoo wa kusaga majani yake yawe udongo. Huko alikuwako kobe mkubwa wa asili ya visiwa vya Aldabra, aliyekadiriwa kuwa na umri wa miaka 130, jina lake Mzee. Ndama alipofunguliwa kamba alimkimbilia kobe yule na kujibanza nyuma yake kama ambavyo ndama wa kiboko hujibanza nyuma ya mama yake. Kobe akamfyonya, kwa namna kobe wanavyofyonya, akaondoka zake. Ndama akamfuata. Baada ya siku chache yule mkubwa aliacha kumkimbia. Wakawa wanakula pamoja, wanaogelea pamoja na kulala pamoja. Baadaye ikaonekana kuwa wana hata ishara zao: kiboko humsukuma kobe miguu ili ageuke upande anaoutaka yeye, na kobe humng'ata mwenziwe mkia apate kunyanyuka.

Kisa hiki kiliandikwa na Isabella Hatkoff, aliyekuwa bado mtoto, pamoja na baba yake Craig Hatkoff na Dkt. Paula Kahumbu wa Kenya, mtaalamu wa wanyamapori aliyekuwa akiisimamia bustani ile wakati huo. Picha zilipigwa na mwandishi wa habari Peter Greste. Kilichapishwa kuwa kitabu mwaka 2006 na cha pili kikafuata mwaka 2007. Kimesomwa duniani kote, na wako watoto wa Marekani walioijua Mombasa kwa sababu ya kobe kabla ya kuijua kwa jambo jingine lolote.

Sasa tuziangalie hoja za wanaovikataa vitabu hivi.

Hoja ya kwanza ni picha. Maneno ya wanavyuoni kuhusu kuchora chenye roho ni mengi, na zimo hadithi sahihi zenye makemeo makali. Hatupendi kuyafanya mepesi. Lakini kitabu cha Owen na Mzee kina picha za kamera, na juu ya hizo Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti'i, aliyekuwa Mufti wa Misri, aliandika risala maalumu akieleza kwamba kazi ya kamera ni kukizuia kivuli cha kitu alichokwisha kukiumba Mwenyezi Mungu, wala hakuna ndani yake kushindana na uumbaji wake. Wako waliompinga, hasa miongoni mwa masheikh wa Bara Arabu, nasi tunawaheshimu. Ama vitu vya watoto vina mlango wao peke yake. Imepokewa katika Sunan ya Abu Daud kwamba upepo ulifunua pazia katika chumba cha Bibi Aisha (R.A.), Mtume (S.A.W.) akaona wanasesere wake na katikati yao farasi mwenye mabawa mawili ya vipande vya nguo. Akamuuliza habari ya farasi mwenye mabawa. Bibi Aisha akamjibu kwa kumuuliza iwapo hajasikia kwamba Nabii Suleiman alikuwa na farasi wenye mabawa. Mtume (S.A.W.) akacheka mpaka magego yake yakaonekana. Ibn Hajar ametaja katika Fat'h al-Bari, akinukuu kwa Kadhi Iyadh, kwamba wanavyuoni wengi waliviruhusu vitu hivyo kwa ajili ya malezi.

Tunawaomba wasomaji waizingatie hadithi hii kwa makini, maana farasi yule hakuwa tu sanamu ya mnyama, bali mnyama asiyeonekana mabondeni wala malishoni. Na Mtume (S.A.W.) hakusema kuwa mtoto anadanganya.

Hapo ndipo inapojibiwa hoja ya pili, kwamba wanyama kusema na kufanya urafiki ni uongo, na mtoto asifunzwe uongo. Twastaajabu kuisikia hoja hii kutoka kwa watu wanaosoma Suratun Naml kila mwaka katika Ramadhani. Sisimizi alisema na wenziwe, na hudihudi alileta habari ya Sabaa. Na aya ya 38 ya Suratul An'am inatufundisha kwamba kila mnyama wa ardhini na kila ndege arukaye ni umma mfano wa sisi. Bila shaka habari za Qur'ani ni kweli tupu na hadithi za vitabuni ni mifano. Lakini mifano nayo haikukatazwa. Al-Hariri wa Basra, aliyefariki mwaka 1122, alijitetea katika utangulizi wa Maqamat zake kwa kusema kwamba hajasikia mtu aliyewahesabia dhambi wasimulizi wa visa vya wanyama na vitu visivyo na roho.

Tena sisi Waislamu ndio tuliozibeba hadithi hizi kwa karne nyingi. Katika karne ya pili ya Hijra, Ibn al-Muqaffa alikitia katika Kiarabu kitabu cha Kalila wa Dimna kutoka lugha ya Kipahlavi, nacho asili yake ni Uhindi. Ndani yake mna mlango wa njiwa mwenye kishingo. Njiwa na kundi lake wananaswa wavuni, wanaruka na wavu wao kwa nguvu moja hadi kwa panya rafiki yake awakatie. Panya anapoanza kumkatia yeye, njiwa anamwambia atangulize wenziwe. Kunguru akiwa juu ya mti anayaona hayo, naye anataka urafiki na panya. Na hapa kitabu kile cha zamani kinapita vitabu vingi vya leo kwa akili, kwa sababu panya hakubali mara moja. Anamwambia kunguru waziwazi kwamba yeye ni chakula chake, na kwamba uadui wa maumbile hauondoki kwa maneno matamu. Wanajadiliana muda mrefu mpaka panya anaridhika. Kisha kobe anaingia, na paa naye, na kila mmoja anamwokoa mwenziwe kwa kile alichopewa. Wako wataalamu walioona kwamba wale wanafalsafa wa Basra waliojiita Ikhwan as-Safa walilichukua jina lao katika mlango huu.

Kitabu hichohicho kina kisa cha nyani na kobe wa majini, na huko urafiki unageuka hiana, kwa kuwa kobe anautaka moyo wa rafiki yake uwe dawa. Hadithi hiyo ilifika kwetu, kobe akawa papa. Edward Steere aliisikia Unguja na kuichapisha London mwaka 1870 ndani ya hadithi ya punda wa dobi. Basi mabibi zetu walitusimulia yote mawili, rafiki mwema na rafiki mhaini, wala hawakuona haya.

Tunakuja kwenye hoja ya tatu, ambayo kwetu ndiyo yenye uzito. Baadhi ya wazazi wanahofia kwamba mtoto atafunzwa kuwa tofauti hazina maana, kila mtu ni sawa na kila njia ni sawa. Hofu hii haifai kudharauliwa. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba mtu hufuata dini ya rafiki yake, kwa hiyo aangalie anayefanya naye urafiki. Lakini tukikisoma kisa cha Bamburi, kiboko hakuwa kobe. Hakuota gamba, wala Mzee hakuacha ukobe wake kwa ajili ya mgeni. Walichopeana ni hifadhi na uvumilivu, na hayo ndiyo tunayoamrishwa kuwafanyia hata wasiokuwa wa dini yetu ambao hawakutupiga vita, kama ilivyo katika aya ya 8 ya Suratul Mumtahinah. Mzazi akikisoma hivyo, hofu yake itapata jibu ndani ya kitabu chenyewe.

Na chanzo cha hifadhi ile tumekwisha kuambiwa. Bukhari na Muslim wamepokea kwamba Mwenyezi Mungu ameigawa rehema sehemu mia moja, akabakisha kwake tisini na tisa na kuteremsha moja ardhini. Kwa sehemu hiyo moja viumbe wote huhurumiana, hata mnyama huinua kwato yake asije akamkanyaga mwanawe. Wataalamu wa wanyama watasema kwamba ndama alivutwa na umbo la kobe, kubwa, la mviringo, lenye rangi ya mamaye. Tunaukubali uwezekano huo bila ya shida yoyote. Kueleza njia iliyopita rehema si kuikanusha rehema.

Lakini lipo moja tunalowadai waandishi na wazazi, nalo ni ukweli. Vitabu vingi vya kuchora humwonyesha simba akilala na swala, wakaamka asubuhi wakacheza, kitabu kikaisha. Mwanzoni mwa mwaka 2002, katika hifadhi ya Samburu nchini Kenya, kulikuwa na simba jike aliyepewa jina la Kamunyak, ambaye alimchukua ndama wa choroa na kutembea naye kwa majuma mawili hivi, akimlinda na wala hamli. Hakuwa na maziwa ya kumpa. Kisha simba dume akamla yule ndama. Kamunyak aliwachukua wengine baadaye, na mambo yao pia hayakuwa ya raha. Je, mtoto aambiwe hayo? Wa miaka minne, hapana. Wa miaka tisa aambiwe, kwa maneno ya upole, kwani atayakuta tu. Na hapana mkulima wa kandokando ya Sabaki wala ya Tana asiyejua kwamba kiboko huua watu. Mtoto anayefunga kitabu akidhani kila kiboko ni Owen amefanyiwa hiana na aliyemsomea.

Owen mwenyewe alikua. Michezo yake ikawa mizito mno kwa kobe mkongwe, na mwaka 2007 akatengwa naye, akawekwa pamoja na kiboko jike aitwaye Cleo. Watoto wengi huuliza kwa nini walitenganishwa, na wazazi wengine huifumba habari hiyo kwa kuona itamhuzunisha mtoto. Sisi twaona ndiyo sehemu iliyo bora katika kisa kizima. Mlezi alimlea mpaka akaweza kurudi kwa wa jinsi yake, na huo ndio mwisho wa malezi yoyote. Uislamu umetuamuru vivyo hivyo kwa yatima: tumlee, tumlindie mali yake, na akibaleghe na kuwa na busara tumkabidhi chake. Wala tusimfutie ukoo wake, kwani Suratul Ahzab imetuamuru kuwaita watoto wa kulea kwa majina ya baba zao. Kobe hakumfanya ndama kuwa kobe.

Katika nyumba nyingi za wasomaji wetu yumo mtoto aliyeletwa baada ya msiba, wa marehemu kaka au wa shangazi, anayelala chumba kimoja na watoto wa nyumba. Kwake yeye kitabu hiki si hadithi ya wanyama. Kurasa za mwanzo zina nyavu, kamba na ndama aliyechoka asiye na mama. Kwa hiyo baba au mama akisome kwanza peke yake. Kisha awaketishe wote pamoja baada ya sala ya Isha, huyu asiachwe nyuma ya mabega ya wenziwe, na kisomwe polepole. Akilia asinyamazishwe. Akinyamaza asiulizwe. Na akitaka kurudiwa ukurasa ule ambao kobe anaacha kumkimbia mgeni wake, arudiwe mara atakazo.