Je, Wajua? Mwizi wa Maneno Aliitwa Mtekaji wa Watu

Barua ya kupokelewa chuo kikuu cha ng'ambo hutaja ada, bweni na bima ya afya. Lakini lipo kosa linaloweza kumrudisha mwanafunzi nyumbani bila shahada, nalo hukaa ndani kabisa ya kitabu cha kanuni: kutumia maneno au mawazo ya mwenzako bila kumtaja. Soma haya kabla hujafunga sanduku.

ASILI YA JAMBO

• Je, wajua jina la kosa hili kwa Kiingereza, Kifaransa na Kijerumani limetoka wapi? Ni neno la Kilatini, plagiarius, yaani mtekaji wa watu. Martial, mshairi wa Roma wa karne ya kwanza, ndiye aliyelitumia kumshutumu mtu aliyesoma mashairi yake hadharani na kujidai kuwa ni yake. Kwa Martial, kuiba shairi kulikuwa sawa na kuteka mtu.

• Je, wajua wizi wa kitaaluma na uvunjaji wa hakimiliki ni mambo mawili? Sheria ya kwanza ya hakimiliki ya Uingereza ilianza kutumika mwaka 1710. Shakespeare alifariki mwaka 1616, na leo unaweza kuchapisha na kuuza tamthilia zake bila kumwomba mtu ruhusa. Ila ukiuchomeka mstari wake mmoja kwenye insha bila jina lake, umeshakosa mbele ya chuo.

• Je, wajua kutafsiri hakukufanyi mwenye maneno? Mwalimu Nyerere alipoileta kwa Kiswahili Mabepari wa Venisi, iliyotoka mwaka 1969, kazi ilibaki ya Shakespeare na yeye akawa mfasiri. Mwanafunzi anayechukua aya ya kitabu cha Kiswahili, akaigeuza Kiingereza na kuiwasilisha kama yake, amenakili tu, hata kama hakuna neno moja linalofanana.

• Je, wajua kutaja chanzo si desturi ngeni kwetu? Aliyesoma madrasa anajua kuwa hadithi ya Mtume haipokelewi bila sanad: fulani kapokea kwa fulani, naye kwa fulani. Wanazuoni walichunguza kila jina kwenye mnyororo huo kabla ya kuyakubali maneno. Tanbihi ya chuo kikuu inauliza swali lilelile: umeyapata kwa nani?

• Washairi wa pwani nao walikuwa na adabu yao. Katika tahmisi, mtunzi huchukua beti za mwenzake, akatunga mishororo mitatu na kuitanguliza mbele ya miwili ya asili, ubeti ukawa wa mishororo mitano. Sayyid Abdallah bin Nasir wa Pate alifanya hivyo kwa beti za Fumo Liyongo, na mpaka leo kazi hiyo huitwa Takhmisa ya Liyongo. Jina la aliyetangulia halikufutwa, wala la aliyeongeza halikupotea.

KALAMU MKONONI

• Je, wajua kubadilisha maneno matatu katika sentensi hakukuokoi? Mtaalamu wa uandishi wa Marekani, Rebecca Moore Howard, aliupa jina mtindo huu miaka ya 1990: uandishi wa viraka. Lakini aliwatetea wanafunzi pia. Alisema mara nyingi ni hatua ya mtu anayejifunza lugha ngeni ya taaluma, wala hajakusudia kudanganya. Dawa ya viraka: soma, funga kitabu, mweleze rafiki kwa Kiswahili ulichoelewa, kisha andika. Mwisho taja ulikokitoa.

• Je, wajua kumbukumbu nayo huiba? Mwaka 1891 Helen Keller, msichana wa miaka 11 asiyeona wala kusikia, aliandika hadithi iliyosifiwa sana. Ikaja kuonekana inafanana mno na ya Margaret Canby. Alikuwa amesomewa zamani, akasahau kuwa alisomewa, maneno yakabaki. Aibu ile ilimuumiza kwa miaka.

• Mali bila daftari huisha bila habari. Kila unapodondoa, andika papo hapo jina la mwandishi, mwaka na ukurasa, na maneno yasiyo yako yatie alama za kunukuu tangu kwenye daftari. Usisubiri usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha.

• Ipo programu ya bure ya kutunza marejeo, Zotero, iliyozaliwa Chuo Kikuu cha George Mason, Marekani, mwaka 2006. Jina lake limetokana na neno la Kialbania lenye maana ya kumiliki jambo kwa kulijua vyema.

• Je, wajua mitindo ya marejeo ina makwao? Mtindo wa Harvard wa jina na mwaka huhusishwa na Edward Laurens Mark, mwanazuolojia wa chuo hicho, aliyeutumia mwaka 1881. Ule wa namba unaopendwa na matabibu ulitokana na wahariri waliokutana Vancouver, Kanada, mwaka 1978. Muulize mhadhiri wako anataka upi, kisha usiuchanganye na mwingine.

• Si kila jambo linahitaji chanzo. Kwamba Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, hilo ni la wote. Kwa nini uhuru ulipatikana bila vita, hapo unaegemea hoja ya mtu, na mtu huyo ana jina.

WAKUBWA WALIOANGUKA

• Je, wajua miaka haifuti kosa? Annette Schavan, waziri wa elimu na utafiti wa Ujerumani, alivuliwa shahada ya uzamivu mwaka 2013 kwa tasnifu ya mwaka 1980. Tasnifu yenyewe ilihusu dhamiri. Miaka miwili kabla yake, waziri wa ulinzi Karl-Theodor zu Guttenberg alijiuzulu baada ya watu wengi kuichambua tasnifu yake mtandaoni, ukurasa kwa ukurasa.

• Je, wajua unaweza kujiibia mwenyewe? Kuwasilisha insha moja kwenye masomo mawili bila ruhusa ni kosa katika vyuo vingi. Huko Norwei, wizara ya elimu ya juu ilikata rufaa hadi Mahakama ya Juu dhidi ya mwanafunzi aliyerudia maandishi yake. Januari 2024 waziri mwenyewe, Sandra Borch, alijiuzulu: tasnifu yake ya uzamili ilikuwa na maneno ya wengine yasiyotajwa.

• Hata Martin Luther King. Mwaka 1991 kamati ya Chuo Kikuu cha Boston ilithibitisha kuwa sehemu za tasnifu yake ya mwaka 1955 zilinakiliwa. Hakunyang'anywa shahada, ila barua ya kueleza jambo hilo iliambatishwa kwenye nakala ya maktaba.

MASHINE NA SOKO

• Je, wajua programu ya kukagua insha, Turnitin, haisemi kuwa umeiba? Inaonyesha mfanano tu. Asilimia 30 yaweza kuwa ni orodha yako ya marejeo na nukuu halali, na asilimia 5 ikaficha aya nzima ya mtu. Hukumu ni ya mhadhiri.

• Je, wajua vipimo vya kubaini maandishi ya akili unde vimewahi kuwaonea wageni? Utafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford uliotoka mwaka 2023 ulijaribu vipimo saba kwa insha 91 za mtihani wa TOEFL, zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Kwa wastani, zaidi ya nusu zilidaiwa kuwa za mashine. Hili linauma, maana anayebanwa ni yule aliyejitahidi kwa Kiingereza sahili. Jikinge: tunza rasimu zote, tunza madokezo, na andika kwenye programu inayohifadhi historia ya mabadiliko. Ukiitwa, nenda nazo.

• Je, wajua kuuza insha ni jinai Uingereza? Sheria ya mwaka 2022 imeharamisha biashara hiyo huko, na Australia ilitangulia mwaka 2020. Soko hili lina mizizi Kenya, ambako vijana wengi wenye shahada huandika kwa ujira kazi za wanafunzi wa ng'ambo; filamu The Shadow Scholars ya mwaka 2024 inasimulia habari zao, ikimfuata Patricia Kingori, profesa wa Oxford mzaliwa wa Kenya. Mnunuzi naye hana salama. Wapo wauzaji wanaorudi baadaye kudai pesa zaidi, wakitishia kumripoti chuoni.

• Kwa mwanafunzi mgeni adhabu ina mkia. Uingereza, chuo ndicho mdhamini wa viza yako. Ukifukuzwa, kinawajibika kuiarifu serikali, na ruhusa ya kuishi huko yaweza kukatishwa. Mwenyeji hupoteza mwaka. Wewe waweza kupoteza nchi, pamoja na akiba ya ukoo mzima.

NA LA NYUMBANI

• Je, wajua kitabu cha Kiswahili kinaruhusiwa kwenye marejeo yako? Mtindo wa APA unataka uandike jina la kitabu kama lilivyo, kisha tafsiri yake kwenye mabano ya mraba. Shaaban Robert anaweza kusimama kwenye orodha moja na mwandishi yeyote wa London.

• Na bibi yako aliyekusimulia kwa simu namna walivyohifadhi mbegu kabla ya kuja viuatilifu? APA inampa nafasi naye, kama mawasiliano binafsi: jina na tarehe, ndani ya matini. Mwombe idhini kwanza. Akikubali, liandike jina lake bila kosa la herufi, kwa sababu huenda ikawa ni mara ya kwanza kuandikwa kwenye kazi ya chuo kikuu.