Kuogelea, Baiskeli na Mbio: Kumaliza Ndiyo Ushindi

Leo tuzungumze juu ya mchezo unaoitwa triatloni. Ni michezo mitatu katika shindano moja. Mtu huogelea, halafu hupanda baiskeli, kisha humaliza kwa kukimbia. Saa haisimamishwi hata anapobadili nguo.

Mchezo huu ulianza mjini San Diego, Marekani, mwaka 1974. Huko visiwa vya Hawaii watu wakabishana: nani mwenye nguvu zaidi? Mwogeleaji, mpanda baiskeli au mkimbiaji? Askari wa majini, John Collins, akasema basi tuunganishe yote matatu. Mwaka 1978 wakaogelea karibu kilometa 4, wakaendesha baiskeli kilometa 180, wakakimbia kilometa 42. Walianza watu 15, wakamaliza 12. Mshindi, Gordon Haller, alitumia karibu saa 12. Collins mwenyewe alitumia karibu saa 17, lakini alimaliza.

Je, anayeanza afanye hivyo? La! Yako mashindano mafupi: kuogelea meta 750, baiskeli kilometa 20, mbio kilometa 5. Hayo yanamtosha mtu mzima anayejaribu mara ya kwanza.

Ajiandae vipi?

Kwanza, apimwe afya. Mwenye maumivu ya kifua au ugonjwa wa shinikizo la damu amwone mganga kabla ya kuanza.

Pili, ajipe miezi mitatu au zaidi. Kila juma aogelee siku mbili, apande baiskeli siku mbili, akimbie siku mbili. Siku moja apumzike, maana mwili hujijenga wakati wa kupumzika. Aongeze mwendo kidogo kidogo. Haba na haba hujaza kibaba.

Tatu, azoee kushuka kwenye baiskeli na kukimbia papo hapo. Mara ya kwanza miguu huwa mizito kama magogo. Kwa nini? Juu ya baiskeli kiti hubeba uzito wa mwili, na miguu huzungusha tu. Ukishuka, miguu inabeba mwili mzima. Basi aanze kwa kukimbia dakika 5 tu. Baada ya majuma kadhaa miguu itazoea.

Maji hayana mzaha

Sisi wa vijijini tumezoea kutembea na kupanda baiskeli. Jembe nalo limetupa nguvu. Lakini nguvu za jembe hazimwokoi asiyejua kuogelea. Kuogelea ni ufundi. Asiyejua afundishwe na anayejua, mahali ambapo miguu inafika chini. Ajifunze kutoa pumzi ndani ya maji, na kugeuza kichwa pembeni kuvuta hewa. Ajifunze pia kulala chali na kuelea. Akichoka, hiyo ndiyo itakayomwokoa.

Asiogelee peke yake hata siku moja. Tena achague maji. Mtoni na ziwani mna mamba sehemu nyingine, na penye konokono wa kichocho mtu hupata ugonjwa huo kwa kuingia majini tu. Katika mashindano walinzi wako kwenye mitumbwi au maboti. Ukizidiwa, inua mkono. Hiyo siyo aibu.

Siku yenyewe

Weka baiskeli, viatu na kofia ngumu tayari. Kagua breki na matairi. Anza polepole, kunywa maji njiani, na usishindane na waliokupita. Wengi huchoka mapema kwa sababu ya pupa ya mwanzo.

Mwaka 1982, huko Hawaii, msichana Julie Moss alikuwa anaongoza wanawake. Meta chache kabla ya mwisho miguu ikakataa, akaanguka. Mwenzake akampita. Moss akatambaa kwa mikono na magoti mpaka akafika, akawa wa pili. Watu wengi wanamkumbuka hadi leo.

Maswali ya kujadili:
1. Kwa nini miguu huwa mizito baada ya baiskeli?
2. Kijijini kwenu, watoto wanajifunzia wapi kuogelea? Nani anawaangalia?