Kwenda Uluguru na Kurudi Siku Moja

Mtu atokaye Dar es Salaam kwenda milima ya Uluguru, naye ataka kurudi siku iyo hiyo, yampasa kuchagua chombo kwa akili. Reli ya kwanza ilifika Morogoro mwaka 1907. Tangu 2024 iko reli ya umeme, na treni yake hufika kwa saa mbili hivi. Lakini huondoka kwa saa zake tu. Basi hukawia zaidi, ila hupatikana mara nyingi. Kutoka mjini kupanda Morningside, pikipiki huokoa muda. Lakini mvua ikinyesha njia huteleza, na hapo miguu ni salama kuliko magurudumu. Basi, kwanza ujue saa ya kurudi, ndipo uchague chombo. Maana giza la mlimani halimngojei msafiri.