Hewa ya Kale Iliyofungwa Barafuni

Kituo cha utafiti cha Concordia kiko ndani kabisa ya bara la Antaktika, mita zipatazo 3,200 juu ya usawa wa bahari. Kinaendeshwa na Ufaransa na Italia, na tangu 2005 kinakaliwa mwaka mzima. Kuanzia Februari hadi Novemba hakifikiki. Watu kumi na kitu hubaki wenyewe, na majirani wao wa karibu wako Vostok, kituo cha Urusi kilicho umbali wa kilomita 600 hivi. Huko Vostok, tarehe 21 Julai 1983, ilipimwa baridi ya nyuzi 89.2 chini ya sifuri.

Mwezi Mei jua huzama, lisionekane tena hadi Agosti. Hewa ni nyepesi, hata kupanda ngazi humfanya mtu aheme, na usingizi huwa wa mang'amung'amu. Daktari anayeishi nao hupima damu, usingizi na hali zao za moyo, maana maisha hayo yanakaribiana na ya wanaanga wa safari ndefu.

Wanavumilia yote hayo kwa sababu ya hazina iliyo chini yao: barafu yenye unene wa zaidi ya kilomita tatu.

Theluji ya huko ni haba, lakini haiyeyuki. Kila mwaka tabaka jipya hulikandamiza la zamani. Kwenye kina cha mita 100 hivi, theluji huwa imeshikana ikawa barafu, na hewa iliyokuwa katikati ya chembe zake ikafungwa katika viputo vidogo. Ndiyo hewa waliyovuta viumbe wa zama hizo.

Kuipata kunahitaji bomba lenye meno ya kukata, lililoning'inizwa kwa kebo. Likizunguka, hukata barafu pembeni na kuacha katikati mche mzima wenye upana wa sentimita 10 hivi, kama mche wa sabuni uliorefushwa. Shimo hujazwa kimiminika kisichoganda, la sivyo uzito wa barafu ungeliziba. Maabarani, kipande cha mche huwekwa katika chombo kilichotolewa hewa, kikasagwa. Viputo hupasuka, na hewa ya kale ikapimwa.

Mradi wa Ulaya uitwao EPICA ulichimba jirani na Concordia hadi kina cha mita 3,270, ukapata kumbukumbu ya miaka 800,000. Muda wote huo hewa ya ukaa ilishuka enzi za baridi na kupanda enzi za joto, bila kuvuka sana sehemu 300 katika kila milioni. Leo imepita 420. Januari 2025, mradi uliofuata ulitoa barafu yenye umri wa zaidi ya miaka milioni 1.2.

Nasi Afrika Mashariki tuna barafu yenye kumbukumbu. Mwaka 2000 mtafiti wa barafu Lonnie Thompson na wenzake walitoa miche kileleni mwa Kilimanjaro, ya zamani zaidi ikikadiriwa kuwa na miaka 11,700. Lakini kufikia wakati huo, asilimia 80 hivi ya barafu iliyokuwapo mwaka 1912 ilikuwa imetoweka.

Wapo wanaosema joto la leo ni mzunguko wa kawaida wa dunia. Mizunguko hiyo imo barafuni, imepimwa mmoja baada ya mwingine, na hakuna hata mmoja ambamo hewa ya ukaa ilikaribia 420. Ongezeko hili ni la mikono ya binadamu, na ni binadamu anayepaswa kulizuia.