Wazee wa Pensheni Katika Mashua



Kuna baba na mama ambao, wakipata pensheni, hupanda mashua Kalemie kwenda Moba au Uvira kuona watoto, kisha hurudi nyumbani Manono. Maisha hayo ni mazuri, lakini yanataka akili. Mwezi wa 12 mwaka 2014, mashua Mutambala iliyotoka Kalemie ilizama. Watu zaidi ya 100 walikufa.

Wazee wetu, shikeni haya:

1. Mashua ikijaa kupita kiasi, ngojeni ingine. Tangu mwezi wa 5 hadi wa 9, upepo wa kusini unapiga ziwa kwa nguvu.

2. Vaeni jile ya kuelea bandarini, msingoje mawimbi.

3. Dawa ya tansyo au ya sukari ichukuliwe ya safari nzima, na ya juma moja zaidi. Ikae katika mfuko wa mkono.

4. Chemsheni maji ya kunywa. Kolera inajulikana sana Kalemie. Mtu akihara, anyweshwe upesi: maji safi lita 1, sukari vijiko vidogo 6, chumvi nusu kijiko kidogo. Kisha apelekwe kwa munganga.

Mkirudi Manono, piteni dispanseri mpimwe tansyo, halafu msalimie wajukuu.