WALI JUU YA JANI LA MGOMBA

Katika nchi zetu za Afrika ya Mashariki, mtu akitaja chakula cha Kihindi mara tunakumbuka chapati, sambusa na bajia. Hatukosei, lakini hayo ni mapishi ya upande mmoja tu wa Bara Hindi. Wahindi walioletwa kujenga reli ya kutoka Mombasa hadi Ziwa Victoria, baina ya mwaka 1896 na 1901, wengi wao walitoka Punjab. Na wenye maduka wengi walitoka Gujarat na Kachchh. Huko ni kaskazini na magharibi. Watu wa kusini, hasa Watamil, ambao chakula chao kikuu ni wali, walivuka bahari nyingine. Maelfu kwa maelfu walikwenda Malaya, ambayo leo ni sehemu ya Malaysia, kugema mpira katika mashamba ya Waingereza. Ndiyo maana chakula nitakachokieleza ni kigeni kwetu, ingawa karibu kila kitu kinachoingia ndani yake chapatikana katika soko letu.

Nina sababu ya kuandika habari hizi. Muhula uliopita mwanafunzi mmoja wa kidato cha kwanza alichekwa bwaloni kwa kula kwa mkono, hata akaondoka mezani chakula chake hakijaisha. Waliomcheka walisema kwamba mkono ni ushamba, na kijiko na uma ndio ustaarabu. Basi napenda wasikie habari za hoteli moja ambamo makarani, mawakili na waganga, wenye tai shingoni, hula kwa mkono kila adhuhuri, na ambamo mkono una sheria nyingi kuliko uma.

Hoteli yenyewe iko Kuala Lumpur, katika mtaa wa Brickfields. Nilikuwa huko kwa mafunzo ya majuma sita, na aliyenipeleka ni mwalimu mwenzangu, Mtamil, mjukuu wa mgema mpira. Mtaa huo umepata jina lake kwa sababu zamani palikuwa na matanuri ya matofali. Baadaye reli ikajenga hapo karakana na nyumba za wafanyakazi wake, na Wahindi wa kusini wakawa wengi. Babu yake mwenzangu alikuja kwa njia iliyokuwa ya kawaida wakati ule: mnyapara wa shamba, aitwaye kangani, alirudishwa kijijini kwao India kuwaandika kazi ndugu na majirani zake. Njia hiyo ilifungwa mwaka 1938, serikali ya India ilipopiga marufuku kuwapeleka vibarua Malaya.

Tuliingia saa saba kasoro. Jambo la kwanza si kukaa bali ni kunawa. Masinki yamepangwa ukutani, sabuni ipo, na hakuna anayekusamehe ukipita bila kunawa. Kisha huketi, na mtumishi hutandika mbele yako jani la mgomba lililooshwa. Hakuna sahani. Jani likiwa bado na ncha yake, ncha huelekea kushoto kwako na upande mpana kuume, kwa kuwa mkono unaokula ni wa kuume nao wahitaji nafasi. Mshipa wa kati hulala mbele yako kama mpaka. Ng'ambo ya mpaka, yaani nusu iliyo mbali nawe, ni mahali pa mboga na vikolezo. Nusu ya karibu ni ya wali.

Watumishi hupita na ndoo ndogo za chuma na upawa. Mwenzangu alimwita mmoja wao "anne", maana yake kaka mkubwa, ingawa kwa umri yule mzee angeweza kuwa baba yake. Alituwekea kabichi iliyokaangwa kwa manjano na haradali, boga lililopondwa, karela iliyokaushwa kwa mafuta hata ikalia mdomoni, na kidogo cha achari. (Neno hilo achari ni lao na letu pia, halihitaji mkalimani.) Juu yake akaweka papadamu, mkate mwembamba kama karatasi, na pilipili zilizolowekwa katika maziwa ya mgando na chumvi, zikaanikwa juani, kisha zikakaangwa mpaka zikawa nyeusi. Ndipo ukaja wali mweupe, fungu kubwa, na joto lake lilipoligusa jani likatoa harufu ambayo kila aliyefukia ndizi au kufunga samaki kwa majani anaijua.

Mchuzi huchagua mwenyewe: wa samaki, wa kuku, au sambar. Huu wa mwisho nataka kuutaja zaidi kwa sababu unatuhusu. Sambar hupikwa kwa mbaazi zilizoparazwa, ukwaju, mvuje na mboga. Mbaazi hizo India hula nyingi kuliko inavyolima, nayo hununua nyingine kutoka nje, zikiwamo za kwetu. Mwezi wa Agosti 2017 serikali ya India iliweka kikomo cha mbaazi zinazoingia nchini mwake, na wakulima wa Lindi na Mtwara wakaona bei ikianguka vibaya. Wako wazazi wanaosoma gazeti hili ambao watakumbuka mwaka ule.

Sasa habari ya mkono. Mlaji hutoboa shimo katikati ya wali na mchuzi humiminwa humo, si pembeni, maana jani halina ukingo. Huvuta wali kidogo kidogo kwa ncha za vidole, akachanganya na mchuzi na mboga mpaka ushikane. Kisha vidole vinne huwa kama kijiko, na kidole gumba husukuma tonge kinywani. Vidole haviingii mdomoni. Mkono wa kushoto haugusi chakula. Huo ni wa kushikia bilauri ya maji. Nilipokuwa nikitazama, nilimwona bwana mmoja mnene aliyemaliza mlima wa wali na kiganja chake kikavu kabisa. Nawaombeni wale waliocheka bwaloni wajaribu jambo hilo nyumbani kwao.

Mtihani mkubwa ni rasam. Huu ni mchuzi mwepesi kama maji, wa ukwaju, pilipili manga, bizari nyembamba na vitunguu saumu, nao hufuata baada ya sambar. Wageni huuomba katika kikombe wakaunywa, na hapana ubaya. Wenyeji humiminiwa juu ya wali, juu ya jani tambarare, na yapasa mkono uwe mwepesi kuuzuia kwa wali kabla haujafika ukingoni mwa meza. Mtoto wa miaka sita hivi, meza ya pili, aliweza. Mwisho kabisa huja wali kidogo na maziwa ya mgando, ili kupoza ukali wote uliotangulia.

Wali, mboga na michuzi huongezwa kadiri utakavyo, wala hulipi zaidi; samaki na nyama ndivyo vyenye bei ya peke yake. Nyama ya ng'ombe haimo, maana wenye hoteli ni Wahindu. Kwa kuwa huongezwa hivyo, aliyeshiba hana budi kusema mapema, au kufunika jani kwa mkono, kwani kuacha chakula kilichokwisha pakuliwa ni aibu.

Nilimwuliza mwenzangu kwa nini jani, wakati sahani ni rahisi siku hizi. Alinijibu kwamba kwa desturi yao kitu kilichoguswa na mate ya mtu hakimfai mwingine, hata mate ya ndugu. Sahani huoshwa na kurudi kwa mwingine. Jani ni lako peke yako tangu mwanzo hadi mwisho. Kwao India jani kubwa ni la harusi na sikukuu hasa. Huku mjini limekuwa chakula cha mchana cha kila mtu, na katika meza yetu ndefu palikuwa na Wachina na Wamalay, kila mmoja na jani lake, na wote wakila kwa mkono.

Ukimaliza, hukunja nusu ya juu ya jani ikaja kwako. Hiyo ndiyo shukrani kwa mpishi. Kulikunja kwa upande mwingine, kutoka kwako kwenda mbele, ni desturi ya chakula cha matanga, na mwenzangu alinionya jambo hilo kabla sijanyoosha mkono. Watumishi hukusanya majani, nayo hufaa kulishwa ng'ombe au kuoza yakawa mbolea. Meza hufutwa mara moja, jani jingine hutandikwa, na mtu aliyekuwa akingoja nyuma yako amekwisha nawa.